Mwenyekiti Alipotoka Nje

Kila Jumanne, akishakunywa chai ya asubuhi, Eluned huvaa viatu vyake vya mpira, hufunga mkate wa zabibu kwenye kitambaa, na kwenda kumwona mdogo wake Ceinwen. Nyumba ya Ceinwen iko ng'ambo ya kijito. Tangu apooze upande mmoja, hatoki kitandani. Eluned mwenyewe ana miaka themanini na moja. Anavuka daraja la mbao, anakatiza shamba la Idwal, na amefika. Wakikaa wale wawili, ni kuteta kijiji kizima mpaka saa sita mchana na kucheka kama wasichana.

Sisi wa kijiji cha Penrhedyn tulimzoea. Hata mbwa walimzoea.

Mwezi wa tano mvua ikanyesha bila kupumzika, na kijito kikafura. Maji yalipopungua, daraja lilikuwa limebaki nusu, na nguzo moja imelala upande. Watu wa halmashauri ya wilaya wakaja, wakafunga utepe, wakapachika kibao cha kukataza watu kupita. Wakaenda zao.

Eluned anaishi na binti yake Mererid, mfugaji wa kondoo, na mkwe wake Gethin, dereva wa lori la maziwa. Njia ya kuzunguka kwa barabara ipo. Lakini ni ndefu na nyembamba, ina ua wa miiba pande zote mbili, na mtu wa miguu hana pa kukanyaga. Eluned aliijaribu mara moja. Lori likambana kwenye ua. Akarudi na matope mpaka shingoni, mkate umepondeka. Mererid akamwambia basi, asiende tena peke yake, atakuwa anampeleka kwa gari kila Jumapili.

"Kila Jumapili?" Eluned akauliza. "Na Ceinwen akifa Jumatano?"

Mererid akachukua koti la mama yake, akaanza kulikung'uta matope.

Baada ya siku chache habari zikafika dukani kwa Gwenno, na zikifika kwa Gwenno zimefika kila mahali. Wilaya imeuliza halmashauri yetu ya kijiji: mnataka daraja litengenezwe, au ling'olewe na njia ifungwe kabisa?

Sasa sikiliza. Mwenyekiti wa halmashauri ya kijiji ni Idwal. Na njia ile inapita katikati ya shamba la Idwal. Kwa miaka mingi Idwal amelalamika kuhusu wapita njia. Wanaacha geti wazi. Mbwa wao wanakimbiza kondoo wenye mimba. Tena kuna mtu alimwona pale kijitoni amesimama na bwana mmoja wa halmashauri ya wilaya, wananyoosheana vidole huku na kule.

"Shamba lake, kiti chake," Gethin akasema akila supu. "Hapo unategemea nini? Jambo limeshapikwa hilo. Bado kupakuliwa tu."

"Atalipakua nikiwa nimekaa mbele yake," Mererid akasema.

Mererid alikuwa hajawahi kwenda kwenye kikao cha halmashauri. Alidhani ni cha wajumbe peke yao. Wengi wetu tulidhani hivyo, na sijui nani alitudanganya, maana tangazo hubandikwa mlangoni pa kanisa kila mwezi, na limeandikwa wazi kwamba wote mnakaribishwa. Tunalipita tukikimbilia basi.

Kikao kilikuwa kwenye chumba cha nyuma cha kanisa. Meza moja, viti vya kukunja, birika la chai. Mererid akaketi nyuma na koti lake, macho kwa Idwal. Wakajadili taa ya barabarani. Wakajadili benchi la makaburini, na benchi lile lilichukua muda kuliko taa. Kisha Nerys, katibu, akasoma ajenda inayofuata: daraja.

Idwal akasema kitu kwa sauti ya chini. Akainuka, akachukua kofia yake, akatoka nje. Makamu wake akahamia kwenye kiti chake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mererid akajiambia: Ametoroka! Mtu mzima, mwenyekiti, ameshindwa kulitazama jambo lake mwenyewe usoni. Wajumbe waliobaki wakasema wangependa kwanza kusikia maoni ya wanakijiji, na uamuzi ukasogezwa mpaka mwezi unaofuata. Mererid hakusikia vizuri. Alikuwa anauangalia mlango.

Kesho yake alikuwa dukani mapema.

"Amejitoa ili mikono yake ionekane safi," akamwambia Gwenno. "Wenzake ameshawapanga. Wao watapiga kura, yeye atasema hakuwepo."

Gwenno akaacha kupanga makopo. "Na mimi nilimwona makamu akishuka kwenye gari la Idwal wiki iliyopita," akasema. Hakusema kwamba gari la makamu lilikuwa gereji, na alijua.

Basi ikawa hivyo. Kila mtu akakumbuka kitu. Mmoja akakumbuka Idwal hakumsalimia siku ya mnada. Mwingine akasema banda lake jipya kalijenga upande ule ule wa njia, na kwa nini upande ule? Kulikuwa na sababu, ni upande usio na upepo, lakini nani alitaka sababu. Watu wakawa wanamla kisogo. Akiingia dukani, mazungumzo yanakatika.

Mwisho wa mwezi wa sita ikaja zamu ya Idwal ya kushusha kondoo kutoka mlimani ili wanyolewe. Huku kwetu kazi hiyo haifanywi na shamba moja. Kila shamba hutoa mtu na mbwa, na mwenye kondoo hutoa chakula. Leo kwako, kesho kwangu. Ndivyo tulivyoishi miaka yote. Siku hiyo mke wa Idwal aliandaa nyama, viazi na keki za kutosha kijiji. Akaja mpwa wao tu, na mbwa wake mzee anayechechemea. Idwal alipanda mlima mwenyewe na miaka yake sitini na tisa. Nusu ya kondoo walibaki huko juu, na mke wake akawapa kuku chakula kile.

Inauma kusimulia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jioni ya siku hiyo Nerys akaenda kwa Mererid. Nerys ni mtu wa upole, lakini jioni ile hakuvua hata koti.

"Mererid, wewe hukwenda mlimani leo."

"Sikwenda. Nikamsaidie mtu anayemfungia mama yangu njia?"

"Nani kakwambia anaifunga?"

"Nilimwona kwa macho yangu akikimbia kikao."

Nerys akavuta kiti akakaa. "Hakukimbia," akasema. "Alitii sheria. Mjumbe akiwa na maslahi katika jambo, yaani likimgusa yeye, au mali yake, au jamaa yake, kuliko linavyowagusa wengine, lazima aseme hivyo mbele ya kikao. Kisha anatoka. Hajadili. Hapigi kura. Hata kukaa pale akiwakodolea wenzake macho haruhusiwi."

"Hakusema kitu. Alinong'ona."

"Idwal hunong'ona hata akimwita mbwa. Alisema, 'Nina maslahi, shamba ni langu.' Niliandika. Mererid, angebaki ndani, hapo ndipo ungekuwa na haki ya kupiga kelele."

Eluned, aliyekuwa pembeni ya jiko akifuma soksi, akacheka kidogo. Mererid hakucheka. Shaka ikishaingia nyumbani haitoki kwa kuoneshwa mlango mara moja tu.

"Na bwana wa wilaya? Walikuwa wanaongea nini kijitoni?"

"Huwezi kuingia shambani kwa mtu kukagua bila kuonana naye. Muulize mwenyewe."

"Na huko nje, mnajuaje kama hasikilizi dirishani?"

Nerys akashusha pumzi. Akamwambia aje aone. Tena asije kukaa nyuma na kununa. Kila kikao huanza na muda wa wanakijiji. Anayetaka kusema humwarifu katibu mapema, akapewa dakika zake. Daraja ni la wilaya, na mwisho wa yote wilaya ndiyo itakayoamua, lakini imeomba maoni ya halmashauri ya kijiji, na halmashauri haiwezi kuyajua mambo ambayo watu wanasemea dukani.

"Wajumbe hawajui kama mama yako alibanwa na lori," Nerys akasema. "Umewaambia?"

Mererid alikuwa amemwambia kila mtu Penrhedyn, isipokuwa wale wanaopiga kura.

Kikao cha mwezi wa saba viti havikutosha. Watu walikuja kumwona Idwal akiumbuka, tusidanganyane. Idwal akafungua kikao, akatangaza muda wa wanakijiji. Mererid alikuwa ameandaa maneno makali. Kabla hajainuka, mama yake akainuka.

"Mnanijua," Eluned akasema. "Nina mdogo wangu mmoja tu aliyebaki. Nataka kwenda kwake kwa miguu yangu siku ninayotaka. Sitaki kusombwa Jumapili kama kondoo wa mnada. Geti nitalifunga. Mbwa sina. Basi."

Akakaa. Mjumbe mmoja akauliza kama ni kweli barabara haina pa kupita, akaelezwa habari ya lori. Akaandika.

Ilipofika ajenda ya daraja, Idwal akasimama. Safari hii akajikaza, sauti ikasikika mpaka nyuma. "Njia inapita shambani kwangu. Nina maslahi. Natoka." Akachukua kofia yake.

Mererid naye akainuka, akamfuata. Sheria kaisikia, lakini alitaka kuona kwa macho.

Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Idwal hakuwa dirishani. Alikuwa amesimama mbali, karibu na ukuta wa makaburi, mgongo kwa kanisa, kola imeinuliwa. Mererid akaenda mpaka mbele yake.

"Ungekuwa ndani, ungesemaje?"

Idwal akafikiri. "Sidhani kama naruhusiwa kukuambia."

"Hakuna anayetusikia hapa."

"Hilo si hoja."

"Ulitaka ling'olewe. Sema tu."

Idwal akavua kofia, akaikung'uta maji, akaivaa tena. "Mwaka juzi nilizika kondoo tisa walioraruliwa na mbwa wa mpita njia," akasema. "Na mama yako alinilea mimi na dada zangu mwaka ule mama yangu alipolazwa. Nikikaa mle ndani, nitapiga kura ya upande upi? Hata mimi sijui. Kwa hiyo niko hapa, nalowa."

Mererid naye akainua kola ya koti lake. Wakasimama hivyo hivyo mvuani, mpaka mlango ukafunguka na Nerys akawaita.

Mikono yote ilikuwa imeinuliwa. Halmashauri ya kijiji iliomba daraja litengenezwe, geti liwe la kujifunga lenyewe, na kiwekwe kibao cha kuwataka watu wafunge mbwa kamba. Wilaya ikakubali. Wiki ile ile ya kikao, bila kuitwa, Mererid akapanda mlimani na mbwa wake wawili, na Gethin nyuma yake akihema na kulalamika, wakashusha kondoo wa Idwal waliobaki. Mwezi wa tisa Eluned akavuka daraja jipya na mkate wake. Ceinwen alimgombeza kwa kuchelewa.

Mwaka uliofuata kiti kimoja cha ujumbe kikawa wazi. Hakuna aliyekitaka, kama kawaida. Mererid akajitokeza, na halmashauri ikamchagua kukijaza. Alikuwa mjumbe msumbufu, mwenye maswali mengi, na ilikuwa vizuri hivyo.

Kikao chake cha tatu kilikuwa na ajenda ya kumpata mtu wa kufyeka nyasi za njia ile ya daraja. Walioomba kazi walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Gethin.

Mererid akasimama. "Mume wangu ameomba. Nina maslahi. Natoka."

Alipokuwa anavuka chumba, alimwona Gwenno kwenye viti vya nyuma. Gwenno alikuwa amemwinamia jirani yake, kiganja mdomoni. Mererid hakuyasikia maneno yale, wala hakuhitaji. Akafunga mlango, akaenda kusimama mbali na dirisha. Baridi ilikuwa kali, na ndani walikuwa hawana haraka hata kidogo. Gethin hakupewa kazi ile. Alipewa mwenzake.

Asubuhi yake Mererid akaingia dukani, akaweka maziwa na kiberiti mezani.

"Jana nilitoka kwa sababu mume wangu alikuwa anaomba ile kazi," akasema. "Nilisema kwa sauti. Nerys ameandika. Unaruhusiwa kwenda kusoma."

Gwenno akashtuka. "Mimi? Mimi sijakuuliza kitu."

"Najua," Mererid akasema. "Hata Idwal na makamu wake hatukuwauliza, wewe na mimi. Ndiyo maana nimekuja kabla hujafungua duka vizuri."