Helmeti ya Abiria

Kila jioni baba akizima bodaboda yake mlangoni, Chiriku alijua kazi imewadia. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo alibandikwa kwa sababu mdomo wake haukuwa na mlango. Kazi yenyewe ilikuwa helmeti ya abiria. Nao abiria hawaishiwi visingizio vya kutoivaa: huyu inamharibia nywele, yule inanuka jasho la watu. Baba akaona dawa ni usafi. Basi Chiriku hufungua vifungo vya ndani, akatoa kitambaa, akakifua, akakianika pamoja na helmeti.

Lakini juma lile mvua haikukatika. Chiriku alirudi kutoka shule amelowa, akachota maji, akapika, akaosha vyombo, maana mama alikuwa amekwenda kumuuguza bibi. Baba naye aliingia hoi, macho mekundu.

"Mwanangu, kesho asubuhi nampeleka nesi kazini. Unamjua, hapandi bila helmeti. Hakikisha imekauka."

"Sawa, baba."

Helmeti ilikuwa chepechepe. Chiriku akafua kitambaa, akakitundika juu ya jiko, kisha helmeti yenyewe akaifunika juu ya makaa yaliyokuwa yakififia. Kidogo tu, alijiambia, akaegemea ukuta. Usingizi hauna adabu, ukamchukua hapohapo.

Aliamshwa na harufu ya kuungua. Kwa nje helmeti ilikuwa nzima, inang'aa. Ndani, ile sponji ngumu nyeupe inayokaa juu ya utosi ilikuwa imeyeyuka, pamebaki shimo la kuingiza ngumi. Chumba cha pili baba alikuwa anakoroma. Aliogopa kumwamsha, na kusema kweli hata nguvu za kugombezwa hakuwa nazo. Akarudisha kitambaa, akabana vifungo. Shimo halikuonekana tena.

Asubuhi nesi alifika, mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Chiriku akamwamkia kwa sauti ndogo. Baba akatoa helmeti, nesi akainusa; sabuni ilikuwa imefunika harufu ya kuungua.

"Binti yako ana mikono misafi," alisema, akaivaa.

Sifa zile zilimchoma Chiriku. Alisimama na ufagio wake akitazama barabara, tope tupu, utelezi mtupu.

"Leo vipi, umemeza ulimi?" baba alimtania huku akiwasha pikipiki.

"Nesi, naomba uivue," Chiriku akasema, machozi yakimtoka. "Niliikausha jikoni ikaungua. Ndani haina kitu."

Baba akazima pikipiki. Nesi akaivua helmeti, akafungua kitambaa, akasukuma kidole ndani ya lile shimo mpaka kikagonga gamba la nje. Baba akafunika uso kwa mikono.

"Nesi, vaa yangu," alisema. "Mimi nitaendesha hivihivi. Si mbali."

"Mtoto ameniokolea kichwa changu, nawe unataka kumpotezea cha baba yake? Wengi ninaowapokea pale kwenye majeruhi walikuwa wanakwenda hapo tu." Akaweka mkoba begani. "Miguu ninayo. Leo nitachelewa, nitajieleza."

Akaenda zake kwa miguu, akiruka madimbwi. Baba akachukua jiwe, akaivunja ile helmeti vipande vipande, asije mtu akaiokota akaiamini. Chiriku alisubiri kugombezwa. Hakugombezwa, na hilo lilimuuma zaidi.

Jioni baba alirudi na helmeti nyingine, tayari inanuka jasho la abiria wa siku hiyo. Akavuta kigoda karibu na beseni.

"Kuchoka si kosa, mwanangu. Hata mimi nachoka," alisema. "Kosa lako ni kuficha. Helmeti iliyoharibika ni afadhali isiwepo kabisa, maana mtu akiivaa huamini kuwa yu salama. Ukiharibu kitu, sema, hata kama nimelala. Niamshe."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Na siku ukichoka, niambie."

Akafungua vifungo, akatoa kitambaa, akaanza kukifua yeye mwenyewe. Chiriku akakaa kando yake, na taratibu, maneno yakaanza kumrudi. Alipokatisha hadithi ya pili katikati, baba alitazama, akakuta amelala. Akamfunika shuka, akaanika kitambaa.