Bei ya Kunong'ona

Zuhura alirudi kutoka shambani mgongo unamuuma. Akatua kikapu cha pilipili manga, akaketi palepale uani. Pilipili ilikuwa bado mbichi. Kuku walikuja kuidonoa, wakaondoka. Hata wao waliona haifai.

Mumewe, Kibwana, alikuwa ananoa panga.

"Mwaka huu naikata hii mipilipili. Tupande migomba. Tumechoka."

"Unakata shamba la nani?"

Kibwana akalitazama panga. Shamba lilikuwa la ukoo wa mkewe, kama ilivyo desturi ya Waluguru. Mipilipili ile aliipanda mama yake Zuhura.

"Basi naomba ruhusa ya kukata," akasema kwa upole.

Mwaka jana Zuhura angemfukuza yeye na panga lake. Safari hii alisema tu, "Nitafikiri."

Mchana akaja Hatibu. Tangu biashara iwe huria, ni yeye peke yake aliyepanda mlima kununua viungo. Uhuria wote ulikuwa wake. Alimvuta Zuhura pembeni, akanong'ona.

"Jirani yako Mosi ameniuzia kwa nusu ya bei unayotaka. Wewe nakuongeza kidogo. Usimwambie."

Zuhura akauza. Ukichelewa, Hatibu husema amekwisha kutosheka. Ndiyo maana kila nyumba ilichuma mbichi, ili iwahi.

Hatibu alipoondoka, Mosi akaingia na binti yake, Semeni. Semeni alikuwa akifanya kazi mjini, Kihonda, kwenye kiwanda kidogo cha kufungasha viungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mama yako ameharibu bei, halafu mnakuja kunisalimia."

"Mimi?" Mosi akashangaa. "Hatibu kaniambia ni wewe uliyeuza bei ya bure."

Wakatazamana. Kibwana akaacha kunoa. "Kumbe tunamlisha mtu kwa kununiana."

Semeni akaokota punje moja, akaiminya.

"Kiwandani tunaitafuta pilipili, mama. Lakini ya huku ikija, hii mbichi, hii ina vumbi, hii inanuka moshi. Tajiri wangu anairudisha. Anataka iliyokomaa, punje zikianza kuwa nyekundu. Tena ianikwe juu ya kichanja, siyo chini na kuku."

"Mbona hukutuambia?"

"Nani aliniuliza?"

"Basi nitakuletea yangu."

"Gari halipandi huku kwetu Matombo kwa kikapu kimoja, mama. Chumeni pamoja, kausheni namna moja. Mmoja aulize bei mjini, awaambie wote. Mimi nitawaletea habari za anachotaka mnunuzi."

Zuhura akashusha pumzi. "Mikutano tena. Miguu yangu haina nguvu ya mikutano."

"Na kuchuma mbichi kila mwaka hakuchoshi?"

Zuhura akajishika mgongo. Akamgeukia mumewe.

"Chukua panga."

Kibwana akainuka haraka. "Nikate mipilipili?"

"Ukate miti ya kichanja."

Msimu uliofuata nyumba za jirani zilisubiri pamoja. Haikuwa rahisi. Shabani, jirani wa bondeni, alichuma mapema, wakamnunia wiki nzima, mwishowe akatulia. Pilipili ikakauka vizuri, nyeusi na kavu. Gari la Kihonda likapanda. Zuhura akaweza kuweka vibarua wa kupalilia, mgongo ukapata nafuu. Kibwana hakutaja tena migomba.

Hatibu naye akaja. Akamsogelea Zuhura, akainama sikioni.

"Jirani yako Mosi..."

"Ngoja kidogo," Zuhura alisema. Hakuinuka. Aligeuza tu uso upande wa pili wa ua. "Mosi, njoo. Hatibu anataka kutuambia umeuza bei gani."