Mzee Sikio Anagonga

Ko, ko, ko. Msimamizi wa karakana alidhani ni mizigo. Lakini mizigo haigongi mara tatu kisha ikasubiri jibu, tena kutoka nje, ndege ikiwa juu ya mawingu saa nne asubuhi. Harufu ya karafuu ikamjia puani. Akakaza mkanda bila kuambiwa.

Alimjua mgongaji. Alikuwa fundi mwenzake, Mzee Sikio, aliyegonga bati la ndege kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akakwambia ufa uko wapi. Jino lilimsumbua, kwa hiyo karafuu haikumtoka mdomoni. Mwezi uliopita alisikia ufa karibu na mlango wa nyuma wa ndege hii hii, akakataa katakata kusaini kwamba ni nzima. Wiki hiyo hiyo presha ikamuua. Msimamizi, wakubwa wakimsukuma, akaiga saini ya marehemu na kuandika tarehe ya siku aliyokuwa hai. Maiti hailalamiki, alijiambia. Eti!

Leo abiria walibadilishiwa ndege dakika ya mwisho. Aliitambua, lakini angerudi aseme nini?

“Unasikia hiyo, binti?” Msimamizi alimnong'oneza mhudumu wa ndege.

“Nini, baba mdogo?” Mhudumu huyo, binti wa Mzee Sikio, alimwita hivyo tangu utotoni. “Mimi nimenusa karafuu tu. Nimemkumbuka baba.”

Ko, ko, ko. Bati la ndege likachanika kando ya mlango wa nyuma, upepo ukanguruma, barakoa za oksijeni zikaanguka, watu wakapiga kelele wakiwakumbatia watoto wao, na pale kwenye tundu, kutoka nje kabisa, ukaingia mkono wenye grisi kwenye kucha, ukagonga bati lililobaki, na kila ulipogonga ufa ulitambaa dirisha moja mbele ukimfuata Msimamizi, huku sauti ikimwambia sikioni, taratibu kabisa: “Mwambie.”

“Ni mimi!” Msimamizi alilia. “Baba yako alikataa. Ile saini niliighushi mimi!”

Mkono ukasimama. Binti alimtazama, akauliza:

“Ufa uko wapi?”

“Umefika ubavu wa tatu wa kiunzi cha ndege. Rubani asikunje kushoto. Ashuke polepole.”

Binti akayapeleka maneno hayo kwa rubani kwa simu ya ndani, neno kwa neno. Ndege ikashuka ikiyumba, matairi yakapiga lami kwa kishindo, ikasimama. Hakufa mtu.

Alasiri hiyo Msimamizi alikaa kwenye ofisi ndogo ya uwanja, mbele ya karatasi ya maelezo. Moyo ulishatulia. Nani alisikia zaidi ya yule binti, na nani atamwamini mtoto anayemtetea baba yake? Akaandika: *Uzembe ni wa marehemu.*

Mlango ukafunguka. Binti aliingia na sare yake iliyochanika, akainama, akamgonga kifuani kwa kifundo cha kidole. Ko, ko, ko. Akatega sikio.

“Binti, unafanya nini?”

Alipofungua mdomo, harufu ya karafuu ilijaa chumbani, na sauti haikuwa yake.

“Kuna ufa,” alisema Mzee Sikio. “Umefika ubavu wa kwanza.”

Msimamizi akausikia ubavu wake ukivunjika.