Chumba cha Mzee Clovis

Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Rodel, karani wa mapokezi wa Hoteli Marlow, mtaa wa Tenderloin, San Francisco, alikuwa akipangusa kaunta huku kahawa ikichemka, mara mgeni mpya akashuka ngazi mbio, viatu mkononi.

"Kaka, mbona umenipa chumba chenye mtu?"

"Kile? Kitupu kile."

"Kitupu wapi! Babu kakaa kitandani. Ananiambia, 'Mwanangu, mwezi wangu umetimia.'"

Kitambaa kikamponyoka Rodel.

Mchezo ule kila mtu hotelini aliujua. Ukikaa chumbani mwezi mzima mfululizo, sheria inakufanya mpangaji. Hakuna wa kukufukuza ovyo. Kwa hiyo mwezi ukikaribia kutimia, mwenye hoteli humwagiza Rodel: mtoe, akalale kwingine usiku mmoja, arudi akiwa mgeni, hesabu ianze upya. Mzee Clovis, aliyewahi kuwa mpishi melini, alitolewa hivyo chumba kile kile miaka nenda miaka rudi. Mara ya mwisho alikuwa anakohoa.

"Leo tu niache, mwanangu. Mvua hiyo, huioni?"

Rodel aliiona. Akamfungulia mlango wa nje.

Kulipokucha walimkuta kituo cha basi, ng'ambo ya barabara. Ameketi. Amekufa. Uso ameuelekeza hotelini.

Sasa Rodel akamwacha mgeni kaunta, akapanda ngazi. Koridoni alisimama Bi Odessa, mkazi wa hoteli, yule anayewahimiza wenzake wadai haki zao mahakamani.

"Unakwenda kumtoa tena?" akanong'ona. "Wewe huchoki?"

"Bibi, yule si amekufa?"

"Haya, kamwambie mwenyewe."

Akafungua. Kitanda. Sinki. Dirisha. Hakuna mtu. Lakini godoro lilibonyea katikati. Akaligusa.

Lina joto.

"Mzee," akanong'ona, "nisamehe."

Kisha kikohozi. Hapa, sikioni.

"Kaa, mzee. Chumba chako hiki. Sikutoi."

Akarudi kinyumenyume hadi koridoni. Mlango ukajifunga taratibu. Kisha mnyororo wa mlango, kwa ndani: krrr.

Mwenye hoteli hakutaka hadithi. Alileta fundi, mlango ukavunjwa mchana kweupe. Ndani hamkuwa na mtu. Dirisha lilikuwa limegandishwa na rangi tangu zamani, halifunguki. Ila sinki lilijaa maji yenye povu la sabuni, na juu yake zikielea ndevu nyeupe, fupi fupi, kama zimenyolewa sasa hivi.

Rodel akachovya kidole. Akakichomoa upesi, kimeungua.

Tangu Krismasi, hoteli nzima haikuwa na maji ya moto.