Vumbi la Lambo Lililokauka

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Ilwad alikifukiza kibuyu cha maziwa. Alitia kijinga cha moto ndani, akakitikisa, kisha akakifunika ili moshi ukolee. Hivyo ndivyo akina mama wengi wa Ijara wanavyozuia maziwa yasiharibike.

Mwalimu Yurub alikuwa amelifundisha darasa kwamba wanasayansi wanatafuta dalili za uhai katika sayari ya Mirihi, mahali palipokuwa na maji hapo kale. Ilwad akaamua kuzitafuta dalili hizo katika vumbi la lambo lililokauka. Akifaulu, angeiwakilisha shule kwenye maonyesho ya sayansi mjini Garissa.

Alilitia vumbi ndani ya kibuyu cha nyumbani, akaongeza maji yaliyochemshwa na kupozwa. Baada ya siku kadhaa aliyamimina kwenye bakuli mbele ya darasa. Hapakuwa na kitu kilichojongea.

"Wallahi, huyu ametupikia chai bila sukari!" Deeq, mwanafunzi mwenzake, alisema. Darasa zima likacheka.

Wakati wa mapumziko Deeq alimfuata. "Dada, sikiliza. Birika la ng'ombe limejaa viluwiluwi. Tia wawili watatu tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Basi Garissa utaisikia redioni."

"Na niisikie! Uhai wa kuokota birikani siupeleki popote. Wala sikubali kwamba vumbi lile limekufa."

Kesho yake, alipokuwa akikitikisa kibuyu, moshi ulimwingia machoni. Akasita.

"Hooyo, moshi huu unafanya nini hasa?" alimuuliza mama yake.

"Unaviua vijidudu vinavyochachusha maziwa, binti yangu."

"Basi nimeviua mwenyewe nilivyokuwa nikivitafuta!"

Alianza upya. Safari hii alitia vumbi lile lile na maji yale yale katika vyombo viwili: kibuyu kilichofukizwa na chupa safi ya kioo. Siku ya kuonyesha darasani ilipofika, maji ya kibuyu yalikuwa matulivu. Ndani ya chupa, vidudu vidogo vyenye miguu kama manyoya, vilivyoanguliwa kutoka mayai yaliyolala vumbini, viliogelea huku na huko.

"Umevitoa birikani!" Deeq akapaza sauti.

"Chota vumbi mwenyewe, utie maji mwenyewe," Ilwad alimjibu bila kuinamisha macho.

Deeq alifanya hivyo. Baada ya siku chache alikuja mbio na chupa yake mkononi. "Mwalimu, vinaogelea chali! Wallahi, chali! Si viluwiluwi hivi!"

"Kibuyu nacho nitakipeleka Garissa," Ilwad alisema, "ili wajue nilipokosea."

Mwalimu Yurub aliligeukia darasa. "Atafutaye uhai mbali na Dunia hujaribiwa mara mbili: kwanza kubuni anachokitamani, kisha kukata tamaa asipokiona. Ilwad amekataa yote mawili. Nanyi msipouona ukweli, msiutunge. Kichunguzeni chombo chenu, kisha muutafute tena."