Mkanda wa Kiti cha Mbele

Rafiki yangu fundi cherehani hakuwa amepumzika tangu amzae kitinda mimba wake. Kwa hiyo shoga yake mwalimu alipomwalika waende pwani likizo ya msimu wa joto, aliwaacha watoto kwa mama mkwe, akapanda gari. Njia nzima mwalimu aliendesha kwa mkono mmoja, mwingine umeshika simu.

"Shoga, mimi nina watoto. Weka hiyo simu!"

"We naye! Umekuwa mama yangu?"

Hasira zikampanda fundi. Akamwambia asimamishe gari, akachukua mkoba wake, akabamiza mlango na kuhamia kiti cha nyuma. Heri anune huko kuliko kumtazama usoni.

Mbele kidogo waliingia kwenye handaki lililopita chini ya kilima. Taa zake zilikuwa zimekufa, na ndani ya gari kukawa giza totoro. Mngurumo wa magurudumu ulirudi kutoka kwenye kuta. Ndipo kengele ya mkanda ikaanza kulia, ile inayolia mtu akikaa mbele bila kujifunga.

"Si ufunge mkanda!" mwalimu alifoka. "Umerudi mbele kunipigia kelele?"

"Nani karudi? Niko nyuma yako, mjinga wewe!"

Simu ilimponyoka mwalimu ikaanguka. Kengele iliendelea kulia.

Kisha wote wawili wakasikia mkanda wa kiti cha mbele ukivutwa taratibu, ukaingia mahali pake, kcha! Kengele ikanyamaza.