Kreti Tupu ya Manyoya

Sogeeni karibu, karibu zaidi, magoti yagusane. Wewe wa mlangoni, ingia au toka. Hadithi hii haimpendi mtu anayesimama kizingitini. Anayetafuna na ameze. Sasa nyamazeni, kila mmoja asikie pumzi ya mwenzake, na ajiridhishe kwamba zinazosikika ni za hawa waliopo tu.

Palikuwa na mshonaji mmoja, mwanamke wa cherehani, macho yake makali kuliko sindano yake. Mumewe alikuwa msambaza mikate kwa baiskeli, na wenzake kwenye tanuri walimwita Manyoya, maana alichukia uzito kama paka anavyochukia maji. Kengele aliifungua akaitupa. Madigadi nayo akayatoa. Wenzake walitembea na pampu, viraka, gundi, spana mbili, chupa ya maji, koti la mvua, na mpira wa kufungia. Yeye, kwenye kimkoba chini ya siti, alitia pampu fupi, viraka vitatu na spana moja aliyoikata mpini.

"Baiskeli ndiyo miguu yangu," alisema. "Nani anatembea na kabati miguuni?"

Lakini wale wasambaza mikate walikuwa na desturi yao. Asubuhi walitoka na kreti imejaa juu ya keria. Mikate ikiisha, kabla hawajageuza usukani kurudi, kila mmoja aliokota jiwe la ukubwa wa mkate akaliweka ndani ya kreti. Hakuna aliyerudi bila jiwe. Langoni pa tanuri rundo la mawe lilifika kiunoni. Wazee wa kazi walisema kreti tupu ni kiti, na kiti kinachopita barabarani hakikosi mtu.

Manyoya naye alibeba, miaka mingi, huku ananung'unika. Siku moja ya jua kali akaacha.

"Mnataka nilibebe jiwe bure? Limenilipa nauli?"

Mzaha wake ulichekewa siku zote. Siku hiyo haukuchekewa.

Jambo la kwanza lilikuwa dogo. Saa saba mchana mshonaji alikuwa akiisukuma baiskeli ya mumewe kuiingiza uani, akaona tairi la nyuma limebonyea kama limebeba gunia. Kreti ilikuwa tupu. Akaweka mkono ndani, akaupitisha huku na huku, hakugusa kitu. Alipoutoa, tairi likainuka taratibu, na keria ikalia, kwiii, kama kiti anapoinuka mtu mzima. Kisha harufu ikapita karibu na bega lake, harufu ya kisima kilichofunikwa siku nyingi, na juu yake mafuta ya nywele.

Mwanamke akinusa mafuta ya nywele kwa mumewe, hawazi jini.

"Umembeba nani?" alimuuliza.

"Nimebeba njaa, mke wangu. Pakua."

"Njaa haipaki mafuta."

Chumba cha nyuma kikakohoa. Huko aliishi mama mkwe, mjane wa msambaza mikate, magoti mabovu, ulimi mzima. Miaka saba hakuwahi kusifu kitu kilichotoka mkononi mwa mshonaji, hata maji.

"Mwenye wivu hunusa hata kivuli," alisema huko ndani. "Chai yako ingekuwa na ladha, mwanangu asingetafutwa harufu."

Kesho yake, mume alipokuwa anaoga, mshonaji akafungua kimkoba. Spana haikuwamo. Palikuwa na kitana, na kitana kilikuwa chake yeye, kile alichokitafuta tangu juzi. Siku iliyofuata viraka havikuwamo, pakawa na kioo chake kidogo cha mezani. Hapo akamvamia.

"Vitu vyangu! Unampelekea hawara vitu vyangu!"

Manyoya alikikodolea kioo. Alikuwa amekonda wiki ile, na misuli ya miguu ilimcheza hata akikaa.

"Nitazame vizuri," alisema polepole. "Mtu aliyekata mpini wa spana, atabeba kioo?"

Mshonaji alitaka kuendelea kugomba, lakini neno hilo lilikuwa na akili, na akili yake ndiyo iliyomtisha. Akashusha sauti.

"Basi nani anavitia?"

"Sijui. Nikifika darajani baiskeli inakuwa nzito. Nikigeuka, hakuna kitu. Nikiendelea, nasikia mtu nyuma yangu."

"Anasema nini?"

"Anataja vitu. Kitana. Kioo. Kama mtu anayekagua mzigo wake asisahau kitu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nabeba sauti ya mwanamke, ungenielewa?"

Siku ya tatu pampu nayo ilitoweka. Mshonaji alitia vidole katika kimkoba akagusa kitu laini, akakitoa, na kilikuwa kiatu kimoja cha binti yao wa miaka minne, cha kushoto, chenye kamba iliyofungwa vizuri kuliko alivyowahi kuifunga yeye mwenyewe. Akaita jina la mtoto, asiitikiwe, akakimbia jikoni, akakimbia chumbani, akatoka uani huku jua la adhuhuri limemkaa utosini, na huko akamkuta mtoto amesimama mguu peku kando ya baiskeli, ameinua uso, anaongea na kreti iliyokuwa tupu, na tairi la nyuma limebonyea mpaka chuma kinakaribia kugusa ardhi.

"Unaongea na nani, mama?"

"Na mama wa baiskeli. Anasema kesho nisisahau kiatu kingine. Kwake kuna miiba."

Alimnyakua mtoto, akamfungia chumbani. Sasa alielewa. Hapakuwa na hawara aliyekuwa akiletewa zawadi. Kulikuwa na mtu anayefunga mizigo ya safari, anayejitafutia kitana, kioo na mtoto.

Mama mkwe aliitwa. Alikitazama kile kiatu. Halafu akamgeukia mwanawe.

"Ulirudi bila jiwe."

"Mama, kesho nabeba. Nabeba hata mawili."

"Jiwe linamzuia mgeni asikae. Huyu ni jini, na amekwisha kukaa. Utamwekea jiwe mapajani?"

"Basi tuichome baiskeli," mshonaji alinong'ona.

"Uchome kiti, yeye abaki sebuleni kwako? Wa namna hii anashuka kwa jambo moja tu, abanwe nafasi na mtu mwenye roho, mpaka mmoja wao ashindwe kukaa. Marehemu baba yenu aliwahi kumwona aliyefanya hivyo."

"Ikawaje?"

Kikongwe alivuta kamba iliyoning'inia ukutani, akaipima kwa mikono.

"Nitapanda mimi," mshonaji alisema. "Mtoto ni wangu."

"Ndiyo maana hutapanda. Wewe una mtoto. Mimi nina magoti mabovu na mwana mpumbavu. Toa hiyo kreti, nifunge kamba kiunoni. Na wewe dereva, hata ukisikia nini, shingo mbele. Na wewe usinililie, machozi yako yamepooza kama mchuzi wako."

Wakatoka mchana ule ule. Mshonaji alisimama langoni akaona tairi likibonyea kwa mama mkwe, kisha, walipopiga hatua mbili, likabonyea tena. Akarudi akakaa mgongo ukiwa mlangoni pa chumba alimolala mtoto, mkasi wa kazi mapajani, akisikiliza kila baiskeli iliyopita, kila cheni, kila mguu, akijiambia wamefika darajani, wamevuka, wanarudi, akijiambia tena tangu mwanzo, mpaka jasho likamkauka mwilini na kivuli cha ukuta kikafika katikati ya ua.

Walirudi. Manyoya alikuwa amelowa, midomo myeupe. Mama mkwe alikuwa juu ya keria, kamba kiunoni. Akaifungua mwenyewe, akateremka bila kushika magoti.

"Ameshuka," alisema.

Mtoto alitoka, akamkimbilia bibi yake, akabebwa juu. Mshonaji alicheka, akalia, akakimbia kuinjika chai. Kikongwe akanywa kikombe chote mpaka majani ya chini, akajifuta mdomo.

"Chai nzuri, mwanangu."

Mshonaji akamtafuta mumewe kwa macho. Manyoya alikuwa bado ameshikilia usukani, hajaingia kivulini. Akamfuata.

"Huko kulikuwaje?" aliuliza kwa sauti ya chini kabisa.

"Walikuwa wawili nyuma yangu. Wanasukumana. Mama alikuwa anamtukana, unamjua mama. Tukafika katikati ya daraja, kitu kikaanguka majini, baiskeli ikawa nyepesi."

"Si ndiyo tulichotaka?"

Manyoya alitazama kivulini, mahali mtoto alipokuwa akisukwa nywele na kuimbiwa. Mama yake hakuwahi kuimba.

"Kabla ya kitu kuanguka," alisema, "aliyenyamaza kwanza alikuwa mama."

Wangemwambia nani, na kwa ushahidi gani? Kwamba bibi wa nyumba amekuwa mpole?

Waliorithi ni hawa. Jirani alirithi baiskeli, na hakuambiwa kitu. Manyoya alirithi kazi ya kukanda unga mbele ya moto, ambako hakuna anayekaa nyuma yake. Mshonaji alirithi nyumba isiyo na ugomvi, aliyoiomba miaka saba, na humo halali ila ameegemea mlango wa binti yake. Na yule mgeni alirithi chumba cha nyuma, kitanda, nafasi ya kwanza mezani, na jina la bibi. Kila asubuhi mtoto huliita jina hilo, na kila asubuhi huitikiwa.